Jibu Lililokubali kwa Makosa Mawili: Uchambuzi wa Swali la Ripoti ya Mauzo

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu swali moja la programu lililoulizwa na kijana anayetunza mfumo wa mauzo wa kiwanda kidogo cha mikate jijini Dar es Salaam, pamoja na majibu matatu aliyopewa na wenzake wa fani hiyo. Kinafaa kuchambuliwa kwa sababu jibu lililopokelewa kwa shukrani nyingi lilikuwa na makosa mawili, jibu lililokataliwa lilikuwa na kosa moja tu, na jibu sahihi lilichelewa kwa kuwa aliyelitoa alianza kwa kuuliza. Wanaojibu maswali ya programu hukutana na hali ya namna hii mara nyingi bila kuitambua, kwani mwulizaji akishaandika "imekubali, asante sana mkuu", ni nadra mtu kurudi kutazama imekubali kwa sababu gani.

Kiwanda chenyewe huoka usiku. Pikipiki na bajaji za wasambazaji huanza kupakia saa nane usiku, ili mikate ifike madukani kabla watu hawajaamka kutafuta chai, na upakiaji huisha kama saa kumi na moja alfajiri. Mchana kutwa kuna dirisha la rejareja ambalo hufungwa saa nne usiku. Kila mzigo unaotoka getini huandikwa mara mbili: karani wa zamu huuandika kwa kalamu kwenye daftari, kisha huuingiza kwenye simu kupitia programu inayopeleka taarifa kwenye seva iliyokodiwa nje ya nchi, ambako kanzidata ya PostgreSQL inazihifadhi. Asubuhi mhasibu hulinganisha daftari na ripoti ya mfumo. Kwa siku moja moja viwili hivyo havikuwahi kukubaliana, ingawa jumla za mwisho wa mwezi zilikaribiana sana, na hili la mwisho, ambalo mwulizaji hakulitaja hata kidogo, lilikuwa dalili kubwa kuliko nyingine zote. Fedha zilikuwepo zote, ila ziliandikwa kwenye siku zisizo zao.

Swali liliandikwa hivi: "Habari wakuu. Ripoti yangu ya mauzo ya kila siku haiendani na daftari la mhasibu, siku nyingine inazidi, siku nyingine inapungua. Natumia Postgres. Nimehangaika nayo tangu juzi. Msaada wenu." Chini yake kulikuwa na picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, na mwanga wa taa ulikuwa umefunika nusu ya amri ya SQL, lugha ya kuulizia kanzidata.

Ni rahisi kumlaumu aliyeuliza hivyo, na wako wajibuji ambao hupata raha fulani katika kulaumu. Lakini mwulizaji hutaja kile anachoamini kinahusika, na kama angejua kinachohusika hasa, asingekuwa na haja ya kuuliza. Hakutaja aina ya safu (nguzo ya jedwali) inayotunza muda, wala seva iko majira gani, wala tofauti inatokea kwenye mauzo ya saa ngapi. Hakutaja pia jambo ambalo lilijulikana baadaye, kwamba mwenye kiwanda alikuwa ameanza kumshuku karani wa usiku, kwa kuwa mizigo iliyoonekana daftarini haikuonekana kwenye ripoti ya siku hiyo. Kwa mwulizaji hayo yalikuwa mambo ya kazini, hayakuwa mambo ya programu.

Jibu la kwanza lilifika baada ya dakika chache: "Mkuu, seva yako iko UTC, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Andika `muda AT TIME ZONE 'UTC+3'` halafu ndiyo utoe tarehe. Imeisha hiyo." Utambuzi wa chanzo ulikuwa sahihi kabisa. Siku ya UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima, hubadilika inapotimia saa tisa usiku kwa Dar es Salaam, yaani katikati ya upakiaji, kwa hiyo mikate iliyotoka getini kati ya saa nane na saa tisa ilihesabiwa jana, na iliyotoka baada ya hapo ilihesabiwa leo. Mwulizaji alijaribu amri hiyo kwenye seva, takwimu zikalingana na daftari, akashukuru.

Jibu la pili lilikuja likiwa refu na lenye mpangilio mzuri. Mtoaji alieleza kwamba si vyema kutumia namba ya saa, bali jina la mahali, akapendekeza `muda AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'`. Mwulizaji, kwa bidii yake, alilijaribu pia, akarudi na malalamiko: "Kaka, hii imeharibu zaidi. Mzigo wa usiku wote umeenda jana. Ya kwanza iko vizuri." Watu wengine wakaunga mkono jibu la kwanza kwa kuwa ni fupi na limekubali, na suala likafungwa hapo. Ni vigumu kuwalaumu, maana ushahidi uliokuwa mbele yao ulionyesha hivyo.

Ili kuona kilichotokea, inabidi kufuata mstari mmoja wa data hatua kwa hatua. PostgreSQL ina aina mbili za safu za muda. Moja inajua kanda ya saa, na thamani yake ni wakati mmoja halisi duniani, ambao unaweza kuonyeshwa kwa tarakimu za Dar es Salaam, London au kwingineko. Nyingine haijui kanda yoyote. Inahifadhi tarakimu tupu, kama picha ya saa ya ukutani iliyopigwa bila kuandikwa ukuta ule uko mji gani. Maneno `AT TIME ZONE` hufanya kazi mbili zinazopingana kulingana na aina iliyowekwa mbele yake. Yakikuta wakati halisi, huutoa kwa tarakimu za mahali palipotajwa. Yakikuta tarakimu tupu, huzitangaza kuwa ni za mahali palipotajwa, kisha hutoa wakati halisi unaotokana na tangazo hilo. Ni maneno yaleyale na amri inayofanana kwa macho, lakini mwelekeo ni kinyume.

Safu ya `muda` katika jedwali la kiwanda ilikuwa ya tarakimu tupu, na tarakimu hizo ziliandikwa na programu kwa majira ya UTC. Chukua mzigo uliotoka saa nane na dakika kumi usiku wa kuamkia tarehe 5 Machi, yaani 02:10 kwa tarakimu za Dar es Salaam. Kwenye kanzidata uliandikwa saa tatu nyuma, `2024-03-04 23:10`. Jibu la pili liliiambia kanzidata kwamba hiyo 23:10 ni saa ya Dar es Salaam. Kanzidata ilitii, ikarudi nyuma saa tatu na kupata 20:10 ya UTC, bado tarehe 4. Mpaka wa siku, ambao awali ulikuwa saa tisa usiku, sasa ukasogea hadi saa kumi na mbili asubuhi, baada ya upakiaji wote kwisha, na ndiyo maana mzigo wa usiku kucha uliangukia jana. Mjibuji alijua ushauri unaotolewa kila mahali kuhusu majina ya kanda, na ushauri huo ni mzuri, isipokuwa unafaa kwa aina ile nyingine ya safu.

Jibu la kwanza lina hadithi ya ajabu zaidi. Katika PostgreSQL, `'UTC+3'` si jina la mahali. Husomwa kwa kanuni ya POSIX, viwango vya pamoja vya mifumo ya kompyuta, ambamo alama ya kujumlisha humaanisha magharibi ya Greenwich, kinyume cha ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa ambacho karibu sote tumekizoea, na nyaraka za PostgreSQL zenyewe zinatahadharisha kuhusu hilo. Kwa hiyo `'UTC+3'` ni kanda iliyo nyuma kwa saa tatu, saa za Buenos Aires. Mjibuji, pasipo kujua, aliiambia kanzidata kwamba 23:10 ilisomwa kwenye ukuta wa Buenos Aires. Ikiwa huko ni 23:10, kwa UTC ni 02:10 ya tarehe 5. Kwa kuwa muunganisho wa mwulizaji na seva ulikuwa wa UTC, skrini ilionyesha 02:10, tarakimu zilezile ambazo daftari la karani lilizitaka. Kosa la kwanza lilikuwa kutumia `AT TIME ZONE` kwa mwelekeo usio wake. Kosa la pili lilikuwa alama iliyogeuka. Na yalipokutana, moja lilifuta jingine.

Msomaji anaweza kuuliza kuna ubaya gani, ikiwa hesabu imekuja sawa. Ubaya ni kwamba usawa huo ulishikiliwa na kitu cha tatu ambacho hakikutajwa na yeyote, nacho ni kanda ya saa ya muunganisho. Amri ile ilitoa wakati halisi, na tarehe ya wakati halisi hutolewa kwa kufuata kanda ya yule aliyeunganishwa. Baadaye mhasibu alianza kufungua ripoti mwenyewe kwenye kompyuta mpakato yake, kwa programu iliyoandikwa kwa Java. Kiunganishi cha Java cha PostgreSQL, kinapojiunga na seva, huitaarifu kanda ya saa ya kompyuta inayotumika, na kompyuta ya mhasibu ilikuwa imewekwa majira ya Nairobi, ambayo ndiyo Windows hutupatia sisi wa huku. Kwenye kompyuta hiyo ile 02:10 ikawa 05:10. Mzigo wa usiku haukudhurika, kwa kuwa 02:10 na 05:10 ni tarehe moja. Lakini mauzo ya dirisha la rejareja kuanzia saa tatu usiku hadi saa nne yalivuka saa sita ya usiku kwa tarakimu, yakaandikwa kesho.

Sasa amri ileile ilitoa majibu mawili kwenye kompyuta mbili. Tofauti yenyewe haikuwa ya kutisha. Ilikuwa mikate michache ya jioni, fedha ambazo mhasibu mwenye haraka huziweka kwenye mstari wa marekebisho na kuendelea na kazi. Kwa maoni yangu hali hii ilikuwa mbaya kuliko ile ya mwanzo. Kosa kubwa humkosesha mtu usingizi hadi alipate. Kosa dogo linalorudi kila siku huzoeleka, na kiwanda kingeweza kwenda nalo mwaka mzima.

Mwulizaji, ambaye kwa bahati hakuwa mtu wa kuzoea makosa, alirudi na kuandika kwamba tatizo "limeanza tena". Aliyetoa jibu la kwanza alimshauri aizime seva na kuiwasha upya, ushauri ambao hutolewa mtu anapokosa la kusema. Hapo ndipo aliingia dada mmoja anayefanya kazi na mifumo ya malipo. Aliandika: "Pole kaka. Kabla sijasema lolote naomba vitu vitatu. Nipe matokeo ya `\d mauzo`. Endesha `SHOW timezone` kwenye seva na kwenye kompyuta ya mhasibu. Halafu nichagulie mzigo mmoja ambao unajua kwa uhakika ulitoka saa ngapi, unioneshe daftari linasema nini na kanzidata inasema nini." Mmoja akamtania: "Dada, si jibu lipo hapo juu?" Hakumjibu.

Maombi mawili ya kwanza, la kuona muundo wa jedwali na la kuona kanda ya saa ya muunganisho, ni ya kiufundi, na yeyote aliyewahi kuchoshwa na kanda za saa angeyafikia. Ombi la tatu ndilo lenye thamani kubwa, na ni la ajabu kwamba huombwa mara chache, kwa kuwa halihitaji utaalamu wowote kwa anayeombwa. Kompyuta mbili zinaweza kukubaliana na zote zikawa zimekosea. Daftari la karani ni shahidi aliye nje ya mfumo. Halijui UTC, halijui POSIX, linajua tu kwamba bajaji ya msambazaji fulani ilitoka getini saa nane na dakika kumi. Mjibuji asiye na shahidi wa namna hiyo hubaki akilinganisha matokeo ya programu na matarajio yake mwenyewe. Tena ombi hilo humsaidia mwulizaji hata kabla hajajibiwa: kijana yule, alipokuwa akitafuta mzigo wa kuonyesha, ndipo alipogundua mwenyewe kwamba mizigo iliyopotea yote ilikuwa ya kabla ya saa tisa.

Majibu yalipofika, safu ilikuwa `timestamp without time zone`, yaani ya tarakimu tupu, seva ilikuwa UTC, kompyuta ya mhasibu ilikuwa `Africa/Nairobi`, na mzigo wa mfano ulikuwa ule wa 23:10. Dada aliandika amri ya hatua mbili: `(muda AT TIME ZONE 'UTC') AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'`. Hatua ya kwanza inatangaza kwamba tarakimu ni za UTC na kupata wakati halisi. Ya pili inautoa wakati huo kwa tarakimu za Dar es Salaam. Kinachotoka mwishoni hakina kanda tena, kwa hiyo hakijali nani ameunganishwa kutoka wapi. Aliuendesha mstari wa mfano mwenyewe, akaonyesha 23:10 ya tarehe 4 inavyokuwa 02:10 ya tarehe 5, kisha akamtaka mwulizaji aurudie kwenye kompyuta zote mbili kabla ya kukubali chochote.

Aliongeza kwamba tiba ya kudumu ni kuibadili safu iwe ya aina inayojua kanda, kwa `ALTER TABLE`, amri ya kubadili jedwali, yenye maneno `USING muda AT TIME ZONE 'UTC'`, na kwamba kazi hiyo ifanyike mchana, wala si wakati wa kupakia, kwa kuwa jedwali hufungwa hadi badiliko likamilike. Akatahadharisha pia kwamba safu ikishabadilishwa, amri ya hatua mbili lazima iwe ya hatua moja, la sivyo mwelekeo utageuka tena. Hatua hiyo moja, mtu akiitazama vizuri, ndiyo jibu la pili lililokataliwa. Siku safu inabadilika aina, jibu lililoharibu hesabu linakuwa sahihi bila kuongezwa herufi hata moja.

Je, mjibuji wa kwanza angeweza kujikinga? Angeweza, na bila kuona jedwali. Angeandika `SELECT timestamp '2024-03-04 23:10' AT TIME ZONE 'UTC+3'` kwenye PostgreSQL yoyote. Kwenye seva yenye majira ya UTC ingemwonyesha `2024-03-05 02:10:00+00`, na kwa haraka angeridhika; lakini ule mkia wa `+00` unasema wazi kwamba kanzidata inaamini hiyo ni saa ya UTC, wakati yeye alikusudia saa ya Dar es Salaam. Kwenye kompyuta iliyowekwa majira ya hapa ingemwonyesha `05:10:00+03`, na hapo asingeridhika. Nakiri kwamba wengi wetu hatusomi mikia hiyo.

Kuhusu mjibuji wa pili, baadhi ya watu walidai kwamba alinakili jibu kutoka kwa programu ya akili mnemba, kwa sababu lilikuwa refu na lisilo na shaka. Inawezekana. Desemba 2022 Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu, ilipiga marufuku kwa muda majibu yaliyotengenezwa na ChatGPT, ikieleza kwamba yanaonekana mazuri ilhali mengi mno yana makosa, na ni rahisi mno kuyazalisha. Hata hivyo, katika kisa hiki sioni kama asili ya jibu inabadili lolote. Jibu la kwanza liliandikwa na mtu, kwa kidole chake, na lilikuwa na makosa zaidi. Wote wawili walieleza namna ya kutumia safu ambayo hawakuwa wameiona, na hakuna aliyetumia nusu dakika kuuliza ni ya aina gani.

Kuna hoja moja ya jibu la pili inayostahili kutetewa, ile ya kutumia jina la mahali badala ya namba. Kwa Tanzania ya leo tofauti ni ndogo, kwa kuwa hatubadilishi saa kwa msimu na tumekaa kwenye saa tatu mbele ya UTC kwa miongo mingi. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Katika kumbukumbu za kanda za saa zilizotunzwa kwa jina la Dar es Salaam, hadi 1961 jiji lilikuwa mbele kwa saa mbili na dakika 45. Namba haiwezi kubeba habari ya namna hiyo. Muuza mikate haihitaji, ila anayetunza rejesta za zamani anaweza kuihitaji.

Mjibuji wa kwanza, alipouona uchambuzi wa dada, hakulifuta jibu lake. Aliandika juu yake: "Msitumie hii, imekubali kwa bahati. Angalieni jibu la dada." Naona alifanya vyema kuliko angelifuta, kwa kuwa `'UTC+3'` ndiyo kitu cha kwanza kitakachomjia kichwani mtu mwingine mwenye seva ya nje, na akiikuta imeandikiwa onyo atapata mengi zaidi ya asipoikuta kabisa.

Kiwandani, ripoti mpya ilionyesha mizigo ya karani wa usiku yote ikiwa mahali pake, na kijana aliipeleka kwa mwenye kiwanda ikiwa imechapishwa sambamba na kurasa za daftari. Ripoti za miezi ya nyuma hazikutolewa upya zote. Mhasibu aliomba zile za usiku wa kuamkia tarehe mosi tu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zimehamisha mauzo kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine.